Kabla ya Mnada: Mwongozo wa Uwakili na Utoaji kwa Mkristo Mkulima wa Korosho

Mwaka nilipokabidhiwa daftari la mhazini wa kanisa letu, huku juu kwenye uwanda wa Makonde, niliketi jioni moja nikasoma kurasa za miaka sita iliyotangulia. Novemba na Desemba kurasa zilijaa: zaka, shukrani, malimbuko, ahadi za bati. Februari zilianza kukonda. Machi kulikuwa na Jumapili ambazo kapu zima halikutosha kununua mishumaa na divai ya meza ya Bwana. Waumini walikuwa walewale, na imani yao haikuwa imepungua. Nikatafuta jina langu. Novemba nilitoa 120,000. Machi sikuwa na kitu, na nakumbuka vizuri kwamba Machi ile nilikwenda kukopa debe la mahindi kwa mama mmoja mjane mwenye mikorosho michache kuliko yangu.

Tangu jioni ile nimekuwa nikijifunza kitu kimoja, na ndicho ninachotaka kukupa hapa kwa hatua zake. Fedha ya korosho huja kwa mkupuo, ndani ya wiki chache za mwaka. Anayengoja iingie ndipo aamue atoe nini, atakuta imekwisha kuamuliwa na wengine: mdai, fundi, muuza pikipiki, kamati ya ngoma. Kwa hiyo uwakili wa mkulima wa Mtwara na Lindi hauanzi siku ya malipo. Unaanza Mei, jembe likiwa mkononi na mfuko ukiwa mtupu.

Hatua ya kwanza: wakati wa palizi, hesabu ulichokabidhiwa

Chukua daftari la shule la kurasa hamsini. Tembea shambani na mtoto mmoja anayejua kuandika, mhesabu mikorosho mti kwa mti: inayozaa vizuri, iliyochoka, michanga, na ile inayofunikwa na vichaka kwa sababu hukuifikia mwaka jana. Andika na mashamba mengine, hata kama ni nusu ekari ya mihogo au kipande cha mbaazi. Andika baiskeli, mashine ya kupulizia, mbuzi, kuku. Andika pia ujuzi: unajua kuezeka, mkeo anajua kushona, kijana wenu anajua kutengeneza simu.

Juu ya ukurasa wa kwanza andika Zaburi 24:1, "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Najua mstari huu tunaukariri tangu shule ya Jumapili. Ila kuusoma huku umesimama chini ya mti uliopandwa na babu yako, ambao hukuuchimbia shimo wala kuumwagilia, ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya mikorosho tunayovuna tuliikuta. Wakili ni mtu anayetunza cha mwenzake, na Paulo anasema linalotakiwa kwa mawakili ni mtu aonekane kuwa mwaminifu (1 Wakorintho 4:2).

Uaminifu huo una sura ya kilimo kabisa. Mti usiopogolewa, shamba lisilopaliliwa, salfa iliyochelewa hadi ubwiri unga umekwisha kushika maua, hayo nayo ni mambo ya kiroho. Hapa Mtwara tuna kituo cha utafiti cha Naliendele ambacho kimeifanyia kazi mikorosho kwa miaka mingi, na maafisa ugani wa halmashauri wanayabeba mafundisho yake hadi vijijini. Kwenda kumsikiliza afisa ugani ni sehemu ya kujibu swali la bwana yule wa Mathayo 25 aliyerudi kukagua talanta zake.

Hatua ya pili: andika madeni yote, kisha uamue kuhusu kangomba

Ukurasa wa pili ni wa madeni. Andika unachodaiwa na unachodai. Usiache hata deni la kilo mbili za sukari dukani. Wengi wetu huliruka zoezi hili kwa sababu linatia aibu, lakini daftari ni lako na Mungu anayajua tayari.

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo mahali panapoumiza kanisa kusini kuliko pengine popote.

Kila anayesoma haya kutoka Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Ruangwa anajua kangomba ni nini. Mtu ana njaa Februari, au mtoto anaumwa Julai, anakwenda kwa mwenye fedha. Anapewa elfu hamsini, na malipo yanakuwa korosho msimu ukifika, kwa bei aliyoitaja mwenye fedha na kwa vipimo vyake, nje ya mfumo rasmi wa kuuza mnadani kupitia vyama vya ushirika. Mnada ukifunguliwa mwenye deni anakuta gunia lake limeuzwa miezi mitano nyuma kwa robo ya thamani. Sheria inakataza. Serikali imefanya misako. Na bado inaendelea, kwa sababu shida haisubiri mnada.

Kama wewe ndiye unayekopa hivyo, sikuhukumu. Nimekopa hivyo. Ninachokuomba ni kwamba mwaka huu lengo lako la kwanza la uwakili liwe kuukata mnyororo huo, hata kama itachukua misimu miwili. Tenga fedha ya chakula cha miezi ya njaa kabla ya kununua chochote kinachong'aa. Jiunge na kikoba cha watu mnaojuana, ambako utanunua hisa kidogo kidogo na kukopa kwa riba inayobaki kwenu wenyewe. Kimbia ile mikopo ya mitaani watu waliyoiita kausha damu. Jina lake limesema yote.

Kama wewe ndiye unayenunua kangomba, na Jumapili unaleta bahasha ya zaka, ndugu yangu, nisikilize kwa upendo. Amosi 8:5 inawataja watu waliokuwa wakingoja sabato iishe ili waendelee kuuza, wakipunguza kipimo na kuongeza bei. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini aliye karibu nawe. Zaka haisafishi fedha ya namna hiyo. Zakayo hakuleta sadaka hekaluni kwanza. Alisimama mbele ya Bwana akasema nusu ya mali anawapa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne (Luka 19:8). Anza hapo. Chukua orodha ya watu wanaokudai haki yao, urudishe tofauti ya bei, kisha uje na bahasha. Mchungaji au padre atakayekuambia lete tu, Mungu atabariki, hajakusaidia.

Hatua ya tatu: kubalianeni nyumbani, na mjomba akumbukwe

Agosti, kabla mabibo hayajaanza kuanguka, kaeni mume na mke mkiwa mmeshiba na watoto wamelala. Korosho nyingi huokotwa na mikono ya kina mama, halafu akaunti ya benki ina jina la mwanamume peke yake. Hilo peke yake linatosha kuzaa ugomvi Novemba. Mwambie mkeo wazi mnatarajia magunia mangapi. Muulize yeye angetoa nini na kwa nani. Mara ya kwanza nilipomuuliza mke wangu, aliniambia, "Baba, mimi mwaka wa tatu huu nampelekea bibi pale bondeni maji ndoo mbili kila Alhamisi. Hukuuliza." Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mtoaji wa nyumba ile.

Suala la ukoo lina uzito wake. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu kwa wapwa zake. Mafundisho ya utoaji yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mke na watoto wawili mjini hayamgusi mjomba wa Kitangari anayengojwa na watoto wa dada zake wanne. Usimfiche mpwa nyuma ya zaka. Bwana Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwatunze baba na mama (Marko 7:9–13), na Paulo anaandika kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Basi mpwa aingie kwenye daftari kwa jina na kwa kiasi: sare ya huyu, daftari za yule. Akishaandikwa hatageuka kuwa mgeni wa ghafla, na wewe utakuwa na neno la ukweli la kumwambia dada yako.

Na ngoma? Jando na unyago hufuata fedha. Siungani na wanaosema Mkristo asiguse. Askofu Vincent Lucas, aliyeanza kuiongoza Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, anakumbukwa kwa kulileta jando ndani ya maisha ya Kanisa badala ya kulipiga vita. Mtoto atoke vizuri, apongezwe. Lakini kiasi kiandikwe Agosti, maana Desemba, ngoma ikilia na shangazi wakishangilia, hakuna mtu atakayeweza kusema inatosha.

Hatua ya nne: panga mafungu kwa sehemu, usitaje kiasi

Hatua hii ndiyo kiini, nami niliijua kwa maumivu.

Mwaka 2018 wakulima wengi wa kusini hawatausahau. Bei za mnadani zilikataliwa, minada ikasimama, na Novemba Serikali ikatangaza itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba. Malipo yakachelewa, na kwa wengine sana. Kanisani kwetu tulikuwa tumeweka ahadi za kuezeka Septemba ile: huyu laki tatu, yule laki tano, majina yakabandikwa ukutani. Fedha isipoonekana, watu watatu waliacha kuja ibadani. Hawakuwa wamepoa kiimani. Walikuwa wanaukwepa ukuta ule. Nilichangia kuubandika, na nimewaomba radhi.

Bei ya korosho ina miguu. Imewahi kushuka hadi karibu 2,000 kwa kilo, na minada ya kwanza ya msimu wa 2024/25 ikavuka 4,000. Mtu anayeahidi laki tano kabla ya mnada anaahidi kitu asichokijua. Anayeahidi sehemu ya kumi anaahidi kitu kilicho mikononi mwake, bei ikipanda au ikishuka. Ndivyo Paulo alivyowaelekeza Wakorintho: kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake (1 Wakorintho 16:2). Na tena: "kama nia ipo, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12).

Tuchukue mfano, namba nimezipanga ziwe rahisi. Umevuna magunia 10 ya kilo 80, yaani kilo 800. Baada ya makato yote ya chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, ushuru na mengineyo, tuseme kinachoingia kwenye akaunti ni shilingi 2,500 kwa kilo. Jumla 2,000,000.

Toa kwanza fedha ya shamba: palizi, kupulizia, mafuta ya mashine, waokotaji. Tuseme 600,000. Hiyo ni mbegu ya msimu ujao, usiihesabu kama mapato. Inabaki 1,400,000.

Hapo huja swali ninaloulizwa kila mwaka: zaka nitoe kwenye milioni mbili au kwenye milioni moja na laki nne? Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema zaka ni ya maongeo ya mbegu, yaani kilichoongezeka. Kwa hiyo mimi huitoa baada ya kurudisha gharama ya shamba: 140,000. Wapo ndugu waaminifu wanaotoa kwenye jumla yote, na siwazuii. Ambacho siwezi kukubali ni kuongeza "gharama" hadi maongeo yaishe, simu mpya ikiwamo.

Halafu 60,000 za jirani, ambazo nitazieleza mbele. Zimebaki 1,200,000. Chakula cha Januari hadi Aprili 400,000. Shule, pamoja na wapwa, 300,000. Ugonjwa na dharura 150,000. Mafungu hayo yanafika 850,000, na 350,000 zinazobaki ni za nguo, bati, ngoma, michango ya harusi na furaha yenu. Andika hata furaha. Mungu aliwaamuru Israeli wale na kufurahi mbele zake kwa zaka yao wenyewe (Kumbukumbu 14:26).

Sasa geuza namba hizo kuwa sehemu, kwa sababu malipo hayaji siku moja. Magunia matatu yatauzwa mnada wa kwanza, manne wa tatu, mengine ni daraja la chini na bei yake ni nyingine. Katika mfano huu, kila laki moja inayoingia, elfu thelathini ni ya shamba, elfu saba ni zaka, elfu tatu ni ya jirani, elfu arobaini na mbili na nusu ni chakula, shule na dharura, na zinazobaki ndizo za matumizi mengine. Fanya hivyo kwa kila malipo, hata malipo madogo. Anayesema "nitatoa yote kwenye malipo ya mwisho" huwa hana malipo ya mwisho.

Mjane mwenye gunia moja asisukumwe na mfano huu. Kwake fungu la kumi laweza kuwa mlo wa wiki. Akitoa kwa furaha, tumshukuru Mungu kama Bwana alivyomtazama yule wa senti mbili. Asipotoa, kanisa ndilo linalodaiwa naye.

Hatua ya tano: siku ya malipo

Hii ni fupi. Usiende benki peke yako, nenda na mkeo au mumeo. Usitoe fedha yote. Ya shamba, chakula na shule ibaki kwenye akaunti au iende kwenye kikoba siku hiyohiyo. Zaka na fungu la jirani vitenganishwe kabla hujatoka mjini, kabla hujapita madukani, iwe kwa bahasha mbili au kwa kuhamisha kwa simu. Mdai uliyemwandika alipwe siku hiyo. Na ukiona rafiki ambaye hamjaonana tangu msimu uliopita amekuja kukusalimia mlangoni pa benki, msalimie vizuri, muulize habari za nyumbani, uende zako.

Hatua ya sita: kuleta kanisani

Malimbuko ni ya kwanza, hata kama ni kidogo. Wapo wanaoleta debe la korosho za kwanza kuokotwa, na mtu akilibeba kichwani hadi madhabahuni kuna jambo linatendeka moyoni ambalo ujumbe wa simu haulifikii. Sikukuu ya mavuno nayo ni nafasi ya wasio na korosho: mkungu wa ndizi, kuku, mbaazi, njugu mawe, mihogo. Vinapopigwa mnada baada ya ibada, wenye uwezo wapandishe bei kwa moyo, lakini mwendesha mnada asimtaje mleta kuku mdogo kwa kicheko. Nimeona mama akiinamisha kichwa. Kuku wake alikuwa ndiye pekee.

Omba stakabadhi. Hakuna mkulima wa kusini asiyejua neno hili. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu, hakuna anayeacha gunia ghalani bila karatasi mkononi. Basi kwa nini tuone haya kudai karatasi kanisani? Paulo aliyekuwa mtume alikataa kubeba mchango wa Yerusalemu peke yake, akasafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu (2 Wakorintho 8:18–21).

Kwa wahazini wenzangu, fanyeni hivi. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, palepale kanisani, kabla ya mtu yeyote kuondoka nayo. Iandikwe kwa wino, wote watie sahihi. Iende benki au kwa wakala kesho yake, isilale nyumbani kwa mtu wiki nzima, maana hata mtu mwema ana mtoto anayeweza kuugua usiku. Kila miezi mitatu msomee ushirika mapato na matumizi. Soma jumla na matumizi, usisome majina na viwango. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, nasi tukaweka spika.

Jambo jingine kwa wahazini wa kanda hii. Fedha ya Novemba igaweni kwa miezi kumi na miwili siku mnayoipokea. Kama kanisa linahitaji 50,000 kwa mwezi kuendesha ibada na kumtunza mwinjilisti, tengeni 600,000 kabla ya kuanza kuzungumzia bati. Sisi tulifanya hivyo, na Machi yetu imebadilika.

Kuhusu wahubiri wanaopita msimu wa malipo wakisema panda mbegu ya laki upokee milioni: fedha yako usiwape. Mungu hubariki, ndiyo, lakini hana mnada. Andiko linataka mtu atoe "kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7). Kukusudia kunahitaji muda, nao wanakutaka uamue ndani ya dakika tatu huku muziki ukipiga.

Tusisahau tulipotoka. Masasi ilianza kuwa kituo cha misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokombolewa utumwani, wakakaa hapo wakalima na kujenga. Watu hao hawakuwa na urithi wala ukoo wa kuwategemeza. Baadaye Wabenediktini wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, na hospitali yake imetibu watu wa kila dini hadi leo. Sehemu kubwa ya hayo ilijengwa kwa sadaka za watu wa Ulaya ambao hawakuwahi kuona mkorosho. Nadhani ndiyo sababu vizazi viwili vitatu tulizoea kupokea, na bado ukisema paa linavuja kuna mzee atakayeuliza tumwandikie nani barua. Paa la kanisa la kijiji lenye familia sitini za wakulima wa korosho linaweza kuezekwa na familia hizo sitini.

Hatua ya saba: fungu la jirani, na namna ya kulitoa

Zaka ya kila mwaka wa tatu katika Israeli haikwenda mbali. Iliwekwa malangoni pa mji kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale na kushiba (Kumbukumbu 14:28–29). Zile 60,000 ninazipenda kuliko mafungu mengine yote.

Kosa la kawaida ni kuzitoa Novemba. Novemba hakuna anayelala njaa, hata mtoto ana korosho mfukoni. Ziweke hadi mvua zikolee, Januari mwishoni mpaka Machi, mihogo ya karibu imekwisha na mahindi mapya bado ni mabua. Ndipo watu huanza kuingia porini kuchimba ming'oko, mizizi ya mwituni inayoliwa, na ndipo mnunuzi wa kangomba huanza kupita nyumba kwa nyumba. Elfu ishirini yako ya Februari inaweza kuokoa gunia zima la mtu la Oktoba.

Chagua watu wawili au watatu, usitawanye kwa kumi. Tazama moshi wa jiko: nyumba isiyofuka moshi siku mbili haihitaji kuulizwa maswali. Ukienda, nenda jioni, na usiende na kitu kinachoonekana. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, karibu." Kaa, zungumza habari za mvua, za wajukuu walioko Dar. Wakati wa kuaga ndipo useme, "Bibi, mama watoto kanituma nikuletee hiki kidogo," utoke kabla hajaanza kukushukuru mno. Usimwombe aje kanisani kwa sababu hiyo. Na usipige picha.

Wengi wa majirani zetu ni Waislamu. Fungu hili ni lao sawasawa. Msamaria hakuuliza aliyelala njiani anasali wapi. Kwetu wao hutuletea sahani siku ya Idi, nasi huwapelekea Krismasi, na mwaka ambao mfungo wa Ramadhani huangukia kwenye miezi ya njaa, kilo tano za unga na sukari kidogo mlangoni mwa jirani kabla ya magharibi ni sadaka nzuri kuliko nyingi nilizoziandika kwenye daftari.

Acha pia masazo shambani. Mambo ya Walawi 19:9–10 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa au kuokota kilichosalia. Ukimaliza mzunguko wa mwisho wa kuokota, usirudi kupekua majani. Mwambie mjane fulani waziwazi, mbele ya shahidi ili asiitwe mwizi, "Mama, mistari ile miwili ya upande wa njia ni yako." Naye akazipeleke mwenyewe kwenye chama cha msingi, apate bei kamili. Kama hana akaunti, msaidie kufungua. Boazi alifanya hivyo kwa Ruthu, akawaambia vijana wake waangushe mengine kwa makusudi.

Asiye na fedha ana ndoo. Huku uwandani maji ni shida ya kudumu, na kumchotea mzee aliyevunjika nguvu mara moja kwa wiki ni kazi inayochosha shingo kweli. Kupogoa miti minne ya mjane Juni, kumpulizia salfa ukiwa na mashine yako begani tayari, kumsomea karatasi ya makato asidanganywe, yote hayo yaingie kwenye lile daftari la ujuzi tulilolianza Mei.

Kwa wasiotegemea korosho

Mwenye ufuta Lindi hupata fedha yake katikati ya mwaka, basi asogeze tu kalenda hii nyuma. Mvuvi wa Mikindani au Kilwa, bodaboda na mama lishe hupata kila siku, na kwao njia rahisi ni kopo mbili nyumbani, moja ya zaka na moja ya jirani, zitiwe kila jioni kabla ya kuhesabu faida. Mwalimu na muuguzi wana mshahara, wapange siku unapoingia. Mwenye mazao mengi ayatenganishe: mbaazi zitoe zaka yake zenyewe, zisingoje korosho.

Mwisho wa Aprili

Fungua daftari tena, nyumba nzima ikiwa imekaa. Linganisha ulichopanga Agosti na kilichotokea. Kwetu mwaka wa kwanza tulikosea kwenye chakula kwa elfu themanini, na ngoma ilizidi mara mbili. Rekebisheni sehemu za msimu ujao. Kisha toeni ile bahasha ya jirani muione kama imebaki kitu. Ikiwa imebaki, isirudi kwenye matumizi ya nyumba. Kuna mtu wa kumpelekea kabla palizi haijaanza. Sisi mwaka ule zilibaki elfu saba. Mke wangu aliongeza debe la mahindi tuliyokuwa tumehifadhi, akajitwika, tukashuka wote wawili kwenda kwa yule mama aliyenikopesha Machi.

"Deni ulishalilipa, mwanangu," alisema.

"Ndiyo mama. Hili si la deni."

Akatupisha ndani, akatandika mkeka.